Tanga, Makala za Mwalimu na Maswali ya Textpattern

Mwalimu hakuniomba tovuti ya kupendeza. Alitaka mwanafunzi aliye Kigoma au Kisumu, mwenye simu ya kawaida na bando dogo, aweze kuzifikia makala zake zote za ushairi, aipate anayoitaka bila kuhangaika, na aisome mpaka mwisho bila macho kumuuma. Makala zenyewe zinapita mia moja. Alianza kuziandika akiwa kijana anayefundisha Kiswahili sekondari, na hakuacha hata baada ya kustaafu. Nyingine zilitoka magazetini, akazikata na kuzibandika kwenye madaftari. Nyingine ni mihadhara iliyopigwa taipu. Nyingine ni mafunzo ya darasani yaliyoandikwa kwa mkono. Chache tu ndizo faili za kompyuta. Picha hamna, video hamna. Ni maandishi mwanzo mwisho.

Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu mifumo ya kuendesha tovuti, lakini wa tovuti hii ndio ulikuwa wa kwanza kuusimamisha kwa mikono yangu. Kazi hiyo ingeweza kufanyika Dar es Salaam, madaftari yakaletwa na basi ndani ya boksi. Nilichagua kwenda mwenyewe, na sababu niliiona wazi kadiri nilivyosoma maelekezo ya programu niliyoichagua: karibu kila hatua yake inauliza swali ambalo fundi hawezi kulijibu. Makala hii inakaa wapi? Inahusu nini? Iliandikwa lini? Nani aruhusiwe kuigusa? Mwenye majibu alikuwa Tanga.

Programu hiyo inaitwa Textpattern. Aliyeianzisha, Dean Allen, alikuwa Mkanada, mwandishi na mbunifu wa vitabu, aliyeishi miaka kadhaa kusini mwa Ufaransa. Alijali mambo ambayo wapiga chapa wazuri wameyajali siku zote: alama za kunukuu zikae sawasawa, mistari isiwe mirefu kupita kiasi, aya zipumue. Mwaka 2002 alitoa Textile, utaratibu mwepesi wa kuweka alama kwenye maandishi ya kawaida ili kompyuta iyageuze kuwa ukurasa wa tovuti. Textpattern ilijengwa juu ya msingi huo. Allen alifariki mwaka 2018, lakini kikundi cha watu wanaojitolea kilikuwa kimeshaipokea kazi yake, na mpaka leo wanaiendeleza. Programu ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na inahitaji vitu ambavyo karibu kila kampuni ya hosti inavyo: PHP na hifadhidata ya MySQL. Kwa mwalimu mstaafu anayelipia hosti kwa mwaka kutoka kwenye pensheni yake, hilo lilikuwa jambo la kwanza la kuangalia.

Nilipanda basi alfajiri Mbezi. Chalinze, daraja la Wami, Segera, halafu kulia kuelekea Muheza, ambako machungwa yanauzwa kando ya barabara na mkonge umepangwa mistari mpaka vilimani. Kabla ya kufika mjini nilikumbuka kwamba Machui, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, haiko mbali na hapa. Sehemu kubwa ya makala nilizokuwa nazifuata zinamhusu yeye na washairi waliomfuata. Mkoa huu umelea ushairi kwa vizazi, na inauma kuona uchambuzi wake ukilala kwenye madaftari ambayo mchwa wameshaanza kuyaonja.

Nilimkuta Mwalimu nyumbani kwake Ngamiani, ameshatandaza madaftari kwenye jamvi sebuleni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Kula kwanza. Karatasi hazikimbii."

Tulikula wali wa nazi na samaki, kisha nikawasha laptopu na hotspoti ya simu.

Kusakinisha Textpattern kulikwenda haraka, na nitakueleza kwa ufupi kwa sababu ndiyo sehemu inayowatisha watu bure. Kwenye paneli ya hosti nilitengeneza hifadhidata tupu, nikaipa mtumiaji na neno la siri, nikayaandika majina hayo kwenye karatasi. Nikapakua faili la programu, ambalo ni dogo na halikula bando, nikalipakia kwenye seva na kulifungua huko huko. Halafu nikafungua kivinjari na kuandika anwani ya tovuti ikifuatwa na folda ya usakinishaji. Programu ikauliza lugha ya kufanyia kazi, ikauliza jina la hifadhidata na yale niliyoyaandika kwenye karatasi, ikajaribu kuunganisha, ikakubali. Kisha ikanipa mistari michache ya msimbo, ikanitaka niihifadhi katika faili liitwalo config.php ndani ya folda yake. Faili hilo ndilo linalobeba ufunguo wa hifadhidata. Mwisho ikauliza jina la tovuti, na jina na neno la siri la msimamizi.

Kuna hatua moja ambayo mtu asiiruke. Ndani ya programu upo ukurasa wa uchunguzi unaoeleza hali ya tovuti, na siku ya kwanza huwa unakuonya kwamba folda ya usakinishaji bado ipo. Ifute. Ukiiacha, umeacha kwenye seva yako mlango usio na kazi, wala huna haja nao tena. Niliifuta, nikaufungua ukurasa ule upya, na onyo likawa limeondoka.

Kulipopoa jioni tulihamia barazani, na hapo ndipo safari yenyewe ilipoanza.

Textpattern inayapanga maandishi kwa njia mbili. Ya kwanza ni sehemu: kila makala lazima iwe katika sehemu moja, na moja tu. Jina la sehemu huweza kuingia kwenye anwani ya makala, na kila sehemu inaweza kupewa kiolezo chake cha ukurasa na mtindo wake. Ya pili ni kategoria, zinazoeleza makala inahusu nini: makala moja inaweza kubeba mpaka kategoria mbili, na kategoria zinapita katika sehemu zote. Nilimweleza Mwalimu hivyo, nikampa kalamu.

Aliandika sehemu kumi na moja. Arudhi, tenzi, washairi wa pwani, lahaja, uhakiki, lugha ya magazeti, na kadhalika. Hakuzibuni ili kunitaabisha; ndivyo madaftari yake yalivyoandikwa kwenye majalada. Lakini tulipochukua makala ya kwanza tu, muhadhara wake kuhusu Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, utenzi uliochapishwa mwaka 1967 baada ya mshairi kufariki, ukawa una haki ya kukaa katika tenzi, katika washairi na katika uhakiki. Makala ya pili ikawa hivyo hivyo.

"Haiwezi kukaa kote?" akauliza.

"Sehemu ni moja tu, Mwalimu. Kategoria ndizo mbili."

Alinyamaza kidogo, akizungusha kalamu. "Basi ni kama mtoto," akasema. "Analala chumba kimoja, lakini ana ukoo wa baba na ukoo wa mama. Tuanze kuuliza analala wapi."

Kuanzia hapo kazi ikanyooka. Tuliacha kuuliza makala inahusu nini, tukauliza ni maandishi ya aina gani, na majibu yakawa matatu tu: makala za gazetini, mihadhara, na mafunzo ya darasani. Hizo zikawa sehemu zetu. Msomaji anayetaka kitu kifupi cha kusoma garini ataingia kwenye makala. Mtafiti ataingia kwenye mihadhara. Mwalimu anayeandaa kipindi cha kesho ataingia kwenye mafunzo. Zile mada kumi na moja tukazipunguza kuwa kategoria sita, na kila makala ikapewa mbili. Muhadhara wa Vita vya Uhuru ukalala kwenye mihadhara, ukapewa ukoo wa tenzi na ukoo wa washairi.

Tulifanya kazi hiyo tu mpaka usiku. Mwalimu anasoma kichwa cha makala, anafikiri, anataja sehemu na kategoria mbili, mimi naandika kwa penseli pembeni ya ukurasa. Mara nyingine alisimama. Kulikuwa na somo la mizani aliloliandika kwa darasa, halafu likatoka gazetini bila mazoezi. Ni lipi la kuweka? Akaamua yote mawili yawekwe, la darasani kwenye mafunzo na la gazetini kwenye makala, na kila moja liwe na kiungo cha kwenda kwa mwenzake, "kwa sababu hayasemi jambo moja, hata kama mtu mvivu ataona hivyo." Hakuna fundi wa Dar es Salaam ambaye angelijua hilo.

Asubuhi tuliingiza makala ya kwanza. Ukurasa wa kuandikia wa Textpattern ni mtulivu: kisanduku cha kichwa, kisanduku kikubwa cha maandishi, kisanduku cha dondoo, na pembeni yake hali ya makala, sehemu, kategoria na tarehe. Hali ziko tano. Makala inaweza kuwa rasimu, ikafichwa, ikasubiri idhini, ikawa hewani, au ikabandikwa juu, yaani isiingie kwenye orodha ya kawaida bali itumike, kwa mfano, kama utangulizi wa sehemu. Mwalimu aliandika tangulizi tatu fupi, moja kwa kila sehemu, na hali hiyo ya tano ndiyo iliyozifaa.

Textile haina mafumbo. Unaandika kama kawaida, unaacha mstari mtupu kati ya aya na aya. Neno ukilizungushia vistari vya chini, linalala mlazo. Ukilizungushia nyota, linakolea. Mstari ukianza na h2 na nukta, unakuwa kichwa kidogo. Ukiweka namba ndani ya mabano ya mraba, kisha chini ukaandika fn na namba hiyo, unapata tanbihi, na makala za Mwalimu zimejaa tanbihi za maneno ya Kimtang'ata na Kimvita. Alama za kunukuu zilizonyooka inazigeuza kuwa za kupinda kama za kitabuni, pamoja na ile ya katikati ya ng'ombe na ng'ambo. Niliipenda zaidi kwa jambo lisiloonekana: hifadhidata inaweka nakala mbili za kila makala, ile uliyoiandika wewe na ile iliyogeuzwa kwa ajili ya kivinjari. Yako inabaki vilevile, maandishi ya kawaida ambayo hata baada ya miaka ishirini mtu anaweza kuyafungua kwa programu yoyote.

Mtihani ulikuja tulipofika kwenye mashairi. Utenzi haukusumbua. Vipande ni vifupi, mizani minane kwa kawaida, na Textile ikikuta umekata mstari inaukata vilevile. Shairi la mizani kumi na sita ndilo lililotushika. Mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, na kwenye kompyuta ulikaa vizuri mstari mmoja. Mwalimu alipoufungua kwenye simu yake, mshororo ukajikunja mahali popote, mara katikati ya ukwapi, mara ukaliacha neno moja la utao peke yake chini.

"Hili si shairi tena," alisema, na hakuwa anatania. "Mwanafunzi akilisoma hivi, masikio yake yatajifunza vibaya."

Nikapendekeza kila kipande kipewe mstari wake. Akakataa: msomaji angeliona shairi na kudhani ni utenzi. Alichotaka ni kwamba mshororo ukikosa nafasi, ukatike mahali pamoja tu, kati ya ukwapi na utao. Textile ina alama ya asilimia, ambayo ukiizungushia maneno inayafunga pamoja kama kifurushi bila kuyabadilisha sura. Tukaupa kila ubeti jina la mtindo, shairi, na kila kipande tukakizungushia alama ya asilimia. Kisha kwenye faili la mtindo nikaandika mstari mmoja unaosema kwamba vifurushi vilivyomo ndani ya shairi visikatwe maadamu vinaenea kwenye kioo. Tukafungua simu tena. Kwenye laptopu mshororo ulikaa mstari mmoja. Kwenye simu utao ulishuka chini ya ukwapi, mzima, kila mshororo vivyo hivyo. Mwalimu aliusoma ubeti wote kwa sauti, kwa mahadhi, kidole kikifuata kwenye kioo. Kisha akaniambia tuendelee na unaofuata.

Violezo vya ukurasa nilivigusa kidogo sana. Textpattern hutumia tagi zake zinazoanza na herufi txp: moja inaleta kichwa cha makala, nyingine mwili wake, nyingine tarehe, nyingine orodha ya makala za sehemu fulani. Unaziweka ndani ya ukurasa mahali unapotaka kitu hicho kitokee, na zinasomeka hata kwa mtu asiye mtaalamu. Mabadiliko mawili ndiyo niliyoyaona ya lazima. La kwanza ni lugha. Juu kabisa ya kila ukurasa wa tovuti kuna tangazo la lugha ya maandishi, na kwa kuwa niliisakinisha programu kwa Kiingereza, lilitangaza Kiingereza. Nilibadilisha likawa sw, alama ya kimataifa ya Kiswahili. Herufi hizo mbili zina uzito: programu inayomsomea kwa sauti mtu asiyeona huzitazama ili ijue kutamka vipi, na kivinjari huzitazama kabla ya kuamua kama kimtafsirie msomaji. Maandishi ya Kiswahili hayana sababu ya kujitambulisha kwa lugha nyingine.

La pili ni tarehe. Programu huweka tarehe ya siku unayochapisha, lakini inakuruhusu kuibadilisha. Mwalimu alitaka makala ya mwaka 1987 isomeke kuwa ya 1987, kwa sababu hoja zake zilijibu mjadala wa wakati ule. Tukaipa kila moja tarehe yake ya kwanza, na orodha ikajipanga yenyewe kuanzia za karibuni mpaka za ujanani. Majina ya miezi yalikuwa yakitoka kwa Kiingereza, hivyo tukaamua tarehe iandikwe kwa tarakimu, siku, mwezi, mwaka, kama anavyoandika mwenyewe pembeni ya daftari.

Lilibaki swali la mwisho: nani ataendelea? Mimi nilikuwa narudi Dar es Salaam, na madaftari mengi yalikuwa bado hayajaguswa. Mjukuu wake, aliyemaliza kidato cha sita na anasubiri chuo, anapiga taipu haraka kuliko mimi. Textpattern ina madaraja ya watumiaji. Tulimpa binti yule daraja la mwandishi wa nje: anaweza kuandika na kutuma makala zikasubiri, lakini hawezi kuziweka hewani. Mwalimu tulimpa daraja la mhariri anayeweza kuhariri na kuchapisha za wote. Akishapiga taipu, babu anafungua orodha ya zinazosubiri, anasahihisha, anaziruhusu.

"Kwa hiyo mimi bado nasahihisha madaftari," Mwalimu alisema.

"Ndiyo Babu, na kalamu nyekundu huna," mjukuu akamjibu.

Kabla sijaondoka nilimfundisha binti kutoa nakala rudufu: hifadhidata nzima inashushwa kwenye faili moja kupitia paneli ya hosti, na folda za picha na mafaili zinashushwa kando. Nakala moja ibaki kwenye laptopu, nyingine kwenye fleshi inayokaa mahali pengine. Maandishi yaliyonusurika na mchwa yasije yakapotea kwa sababu hosti haikulipiwa.

Kwa anayetaka kuanza kazi ya namna hii, nina shauri moja kubwa. Usianze na rangi, wala na kuchagua sura ya tovuti. Kaa na mwenye maandishi, mbele yenu ziwe karatasi, mkajibu kwanza kila moja inalala wapi na ni ya ukoo gani. Programu nzuri itakuuliza maswali hayo, na kwa kiasi kikubwa uzuri wake ni huo, kwamba inauliza machache na inayashikilia majibu. Lakini haiwezi kujijibu. Pwani nzima, na bara pia, kuna walimu, mashehe, wanahabari na washairi wenye masanduku ya maandishi mazuri, na wengi wao umri umekwenda. Siku wakiondoka, karatasi zitabaki na majibu yatakuwa yamekwenda nao. Kama unamjua mmoja wao, na unaweza kupata nauli, nenda mwaka huu.